Godoro la Mama kwenye Ghala la Viazi

Jambo la kwanza nililofanya baada ya kuambiwa naweza kuwa kocha ni kuiba godoro la mama yangu. Sisemi kuazima. Anayeazima huwa ameomba, na mimi sikumwomba mtu. Mama alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Goma na beseni lake la nyanya. Nikalikunja godoro, nikalifunga kwa kamba ya mbuzi wa jirani, mbuzi mwenyewe akafurahi sana, nikatoka barabarani kuita moto, zile pikipiki zetu za abiria.

Dereva alinitazama mimi, akalitazama godoro.

"Abiria wawili," akasema.

"Mmoja tu. Hili ni godoro."

"Limenenepa kuliko wewe, sha. Na kofia yake iko wapi? Polisi akitusimamisha nitamwambia nini?"

Tukaenda hivyohivyo, godoro mgongoni kwangu kama gamba la kobe, upepo wa ziwa ukilivuta nyuma, na Gisenyi nzima ikisimama kutuangalia. Nikapunga mkono kama rais. Sikufikiria kwamba watu wenye macho wana midomo pia.

Sasa ninyi makocha wapya mtauliza, huyu anayetuandikia ni nani? Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba. Naitwa Innocent, jina nililopewa na padri ambaye hakusubiri kunifahamu. Nimefundisha sarakasi za watoto tangu sauti yangu ilipokuwa nyembamba mpaka ikawa hii ya chura, na sasa naingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Kocha Salima, mama mwenye ghala, ana sheria: mwenye mtihani wa taifa hashiki mtoto, kwa sababu mikono yake itakuwa kwa mtoto na kichwa kitakuwa kwenye kemia. Donc nimestaafu. Pensheni yangu ni filimbi iliyopasuka. Ukiipuliza haitoi sauti, inatoa mate.

Salima ndiye aliyeniambia niwaandikie. "Andika yote," akasema. "Hata ya godoro."

"Hata ya godoro, Kocha?"

"Hiyo ya godoro ndiyo kazi yenyewe. Ingine yote ni vumbi."

Bon. Ngoja nianze na vumbi.

Ghala letu lilikuwa la viazi. Malori yalikuwa yanashuka navyo kutoka Mudende, na mpaka leo, mvua ikinyesha, kuta zinakumbuka na kuanza kunuka udongo wa kule juu. Bati lina matundu, na mchana jua linapitia humo na kudondoka sakafuni vipande vipande, kama mtu amemwaga sahani. Mlango ukiwa wazi unaliona ziwa. Chini tuna matairi ya lori yaliyolazwa, juu yake mbao, juu ya mbao magunia ya vumbi la mbao, juu ya magunia turubai. Ukikanyaga, sakafu inakurudishia kidogo, kama inakujibu.

Nikichoka darasani huwa nafumba macho na kurudi pale. Mwalimu anadhani nasali. Mimi niko kichwa chini, katikati ya kuruka, katika ile nusu ya pumzi ambayo miguu imeshatoka na mikono bado haijafika. Ziwa linakuwa juu, mawingu yanakuwa chini, mitumbwi inaning'inia kama popo, na hakuna mtu anayekuuliza kazi ya nyumbani iko wapi. Sijui kama inachukua muda mrefu au mfupi. Kuna mara nyingine nadhani sijawahi kushuka kabisa, na huyu anayekula ugali nyumbani kwetu ni mtu mwingine.

Lakini hayo ni ya anayeruka. Kocha habaki angani. Kocha anakaa chini akisubiri wengine washuke, na hilo ndilo lililonishinda mwanzoni.

Mkifika siku ya kwanza mtatamani kugusa mtoto papo hapo. Salima hatawaruhusu. Kwanza mtakuwa watoto. Atawapanga mstari, na watoto wenyewe ndio watakaowashika ninyi. Mimi nilishikwa na Divine, msichana wa miaka minane mwenye mkono mdogo kama kijiko. Nilipojirusha nyuma nikausikia mkono huo kiunoni, na nikaelewa kwa mgongo wangu jambo ambalo sikio lilikuwa limekataa: mkono hauko pale kukubeba. Unakuambia tu mahali ulipo.

"Unaogopa?" Divine akaniuliza.

"Mimi? Aka!"

"Unatetemeka kama sinia ya chai."

Halafu atawakalisha mkiangalia ukuta. Watoto wanaruka nyuma yenu, na ninyi mnasikiliza miguu inavyotua na kusema nani ameshuka na ameshuka vipi. Kisigino kikitangulia sauti inakuwa pu! Kidole kikitangulia inakuwa fff. Damas, rafiki yangu aliyeanza siku moja na mimi, alikuwa hakosei hata kidogo. Mimi nilikuwa nakosea kwa sababu kila mtoto alipotua nilikuwa naongeza maneno. "Huyo ni tembo! Huyo ni bibi yangu akitoka kanisani!" Ghala zima linacheka, na mimi najiona mtu muhimu.

Tunashuka sasa kwenye kosa langu, nisikilizeni. Nilikuwa naongea kama redio ya kinyozi. Nikimshika mtoto namfanyia mzaha, na mtoto anayecheka tumbo lake limelegea, na tumbo likilegea miguu inasahau kazi yake. Nilidhani nawatoa hofu. Kweli yake ni kwamba mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na nilikuwa nafunika mtetemeko huo kwa kelele, vile mtu anavyowasha muziki ili majirani wasisikie kilio.

Divine hakucheka kamwe. Mwaka uliotangulia, kocha mmoja mkubwa aliuondoa mkono mapema, naye akaangukia shingo. Hakuumia, lakini tangu hapo alikataa kwenda nyuma. Kwenda mbele, gurudumu, kichwa chini miguu juu, yote sawa. Lakini flik, ule mruko wa kujitupa nyuma, kugusa chini kwa mikono na kusimama tena, hapana. Nilikuwa namhesabia, "Moja, mbili, tatu!" na ilipofika tatu alikuwa anakaa chini kama mtu aliyefika kituo chake.

"Kocha," nikamwambia Salima, "huyu mtoto ni mkaidi."

Salima alikulia Goma, akaolewa upande wetu, na Kiswahili chake anakishusha kama anavyoshusha mizigo. "Mukaidi ni nani? Mutoto anaangalia chini, anatafuta ataangukia wapi. We umemutandikia nini?"

"Namwambia asiogope."

"Eh! Ataangukia maneno? Mudomo yako ni kubwa, Innocent, lakini haiko laini."

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Nilicheka na mimi, lakini mwenzenu neno hilo lilinichoma.

Kutandika ni desturi ya ghala letu, na zamu yenu inakuja. Kocha mpya, kabla ya kuongoza darasa, analeta kitu kutoka kwao ambacho watoto watatua juu yake. Si kitu cha kutupwa. Kitu ambacho yeye mwenyewe hukalia au hulalia, ambacho jioni atakikumbuka. Salima alileta sponji ya kochi lake la harusi, na mume wake anakalia mbao mpaka leo bila kulalamika, au analalamika polepole. Damas alileta kiti cha nyuma cha gari la mjomba wake. Mjomba hakukataa, kwa sababu gari lenyewe halikuwa na injini. Salima anasema kocha ambaye kitu chake kiko chini ya mtoto hamwangalii mtoto huyo kwa jicho la bure.

Na mimi nilikuwa na nini? Kigodoro changu, chembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi. Nilikitazama, nikalitazama la mama: nene, zuri, lenye maua ya zambarau, alilojinunulia mwenyewe kwa sababu ya mgongo. Mama anainuka asubuhi kabla ya ndege, anavuka mpaka na nyanya, anarudi na mgongo unaouma. Godoro lile ndilo kitu pekee nyumbani ambacho kilikuwa chake peke yake. Hayo yote niliyajua. Nikalikunja.

Darasa langu la kwanza lilikuwa siku hiyo ya Jumamosi, mchana. Nililiweka godoro mwisho wa mstari, likang'aa pale kati ya magunia kama keki. Watoto wakalizunguka. Salima akalibonyeza kwa kidole.

"Hii ni ya kwako?"

"Ya nyumbani, Kocha."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa nimefungua mdomo kuanza darasa kwa mzaha mmoja niliouandaa wiki nzima, wakati mwanga wa mlangoni ulipokatika.

Alikuwa mama, na beseni tupu kichwani.

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Alipofika tu mpakani akirudi, wanawake wenzake walimpokea: "Mama Innocent, munahama? Tumeona godoro imepita na moto!" Hakupita hata nyumbani.

"Innocent," alisema. Mama alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake ni cha kunyooka, hasa akikasirika. "Nilipokuzaa nilipata shida ya mgongo. Nikanunua godoro kwa ajili ya mgongo huo. Sasa umelichukua na godoro. Unataka niulalie mgongo wenyewe?"

"Mama, ni la watoto..."

"Funga kamba. Linarudi nyumbani sasa hivi, na wewe unarudi nalo, na kwenye ghala hili miguu yako haitaingia tena. Nimemaliza."

Watoto walikuwa wamesimama kama picha. Nilimwangalia Salima anitetee. Salima akasema jambo moja tu, kwa heshima zote: "Mama, karibu. Lakini viatu, tafadhali. Humu hatuingiake na viatu."

Mama alivua viatu. Hata akiwa na hasira, mama ni mtu wa adabu. Akavuka turubai kwa miguu mitupu, polepole, kwa sababu sakafu yetu ilikuwa inamrudishia na hakuizoea, akatembea kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Alipofika kwenye godoro akaliminya hapa na pale, kama anachagua parachichi. "Kama mmelivunja..." akasema, akakaa. Akajaribu kushoto. Akajaribu kulia. "Kama mmelivunja katikati nitajua," akasema, akalala chali ili kupima.

Tukasubiri hukumu.

Kipande kimoja cha jua kilikuwa kimedondoka juu ya kanga yake, na vumbi la mbao lilikuwa linaelea ndani yake bila haraka. Kutoka ziwani ulikuja ule upepo wa alasiri. Mama alivuta pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Halafu nyingine. Mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Mama?" nikaita.

Salima aliniwekea kiganja mdomoni. Kilinuka sabuni na vumbi. Akanisogeza kando akaninong'oneza: "Akiamuka anabeba godoro, na we anakubeba pia. Asipoamuka, uko na darasa. Fundisha."

"Bila kuongea?"

"Nimengojaka hii siku," akasema, na nikaona anacheka kwa macho.

Tukaugeuza mstari upite upande wa pili, mbali na mama, kuelekea sponji ya kochi na kiti cha gari. Nikasimama pale nikiwa sina hata neno moja mfukoni. Nikaonyesha kwa kidole: wewe, njoo. Mtoto wa kwanza akakimbia, akapinduka, akatua. Pu!

Mama alijigeuza. Sote tukaganda, mmoja mguu ukiwa hewani. Akatafuna kitu cha ndotoni, akatulia.

Hapo ndipo watoto walipoelewa mchezo wenyewe. Nilikunja magoti nikawaonyesha, nikanyanyua visigino, nikashuka kama paka anayetoka mezani na isambaza, kale kasamaki ka ziwa letu, mdomoni. Wakajaribu. Pu kidogo. Tena. Pu ndogo zaidi. Mimi nikapita kutoka mtoto hadi mtoto na mikono tu, nikimshika huyu kiunoni, nikimgusa yule paja, na kwa mara ya kwanza nilisikia kilichokuwa kinapita chini ya viganja vyangu. Miili inaongea, jamani. Huyu alikuwa amebana pumzi. Yule alikuwa na njaa. Huyu angeruka vizuri kama angeacha kuniangalia usoni kusubiri kichekesho. Yote hayo yalikuwepo tangu zamani, chini ya redio yangu.

Na mikono ilitetemeka, ndiyo. Watoto waliisikia ikitetemeka na hawakujali. Mkono unaotetemeka lakini unabaki mahali pake unawatosha.

Sijui ilikwenda muda gani. Nakumbuka vipande vya jua vikitambaa sakafuni. Nakumbuka watoto wakipita hewani mmoja baada ya mwingine na kushuka bila sauti, fff, fff, mpaka nikawa sina hakika kama wanashuka kweli au wanageuka vumbi kule juu. Kama kungekuwa na mtu aliyepita nje angesema ghala ni tupu. Nadhani sote tulikuwa tumeingia kwenye usingizi wa mama na tulikuwa tunaruka ndani yake.

Ikafika zamu ya Divine. Akanigeuzia mgongo, tayari kukaa chini kama kawaida. Nikaweka mkono mmoja kiunoni, mwingine nyuma ya paja. Sikuhesabu, ningehesabu vipi? Akasubiri moja, haikuja. Akasubiri tatu, haikuja. Aligeuza shingo akaniangalia, nikainua mabega: sina haraka. Akaangalia mbele. Mimi nilikuwa nasikia mgongo wake tu, mgumu kama mlango, halafu si mgumu sana, halafu ukawa laini kabisa, na ghafla kiganja changu kikawa na uzito wa mtoto mzima, halafu hakikuwa na kitu.

Fff.

Alikuwa amesimama. Nywele machoni, mikono juu, flik nzima nyuma yake.

Kumbe ilikuwa ile tatu. Mwaka mzima nilikuwa namtisha kwa namba, nikidhani namsaidia. Makocha wapya, hili nawaomba mlibebe hata mkisahau mengine: msimhesabie mtoto anayeogopa. Wekeni mkono mahali pake na msubiri. Kateni na kucha. Simameni ubavuni, si mbele, la sivyo meno yenu yatakutana na kisigino. Lakini la kuhesabu hasa.

Divine alitaka kupiga kelele, nikaona kelele ikimpanda mpaka kooni. Akajiuma mkono wa sweta. Watoto wote wakampigia makofi bila kugonganisha viganja, mikono ikipepea hewani, na Damas, kijana mrefu vile, akafuta macho kwa turubai akisingizia vumbi.

Kipande cha jua kilikuwa kimefika usoni kwa mama. Akafumbua macho.

Hakuinuka mara moja. Alitazama bati, matundu, watoto na mikono yao iliyokuwa bado inapepea. Akanitafuta, akanikuta nimepiga magoti karibu na Divine, mdomo nimeufunga. Akakaa, akarekebisha kitambaa cha kichwani. Akajigusa mgongo kwa nyuma, pale panapomuuma siku zote, akaonekana kushangaa. Akaenda mlangoni taratibu, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akanyanyua beseni lake. Kamba ya mbuzi nilikuwa nimeishika tayari.

"Nyumbani ukinyamaza," mama alisema, "naamka, kwa sababu najua kuna kitu umevunja. Leo umenyamaza, nikalala. Waachie watoto hilo godoro. Mimi kuanzia leo nalalia lako, na wewe tafuta pa kutua."